Kijijini kwetu kila mtu ana kazi na karibu kila kaya ina mikorosho. Mbona ikifika Machi tunakopa unga?

#1 Mkazi_wa_Kilimani

Wakuu, habari za leo.

Naleta jambo linaloninyima usingizi. Ninaishi wilaya ya Newala, kata moja upande wa Kitangari. Machi mwaka huu nilizunguka mstari wetu wa nyumba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, kaya 14, tukiandika wazazi wanaoweza kuchangia mahindi ya uji wa shule. Kaya 11 kati ya hizo zina mikorosho. Na katika nyumba zote 14 hatukumkuta mtu mzima hata mmoja aliyesema hana kazi. Huyu analima vibarua, huyu bodaboda, yule anakaanga mihogo jioni, mwingine anachota maji kwa baiskeli na kuuza.

Lakini kaya 8 zilikuwa zimeshachukua unga kwa mkopo. Mwenye duka alinionyesha daftari lake. Limejaa mpaka ndani ya jalada la nyuma: jina, kilo mbili, kilo moja, kilo moja na nusu, na pembeni kwa kalamu nyekundu ameandika "korosho". Maana yake hilo deni linasubiri mnada wa Oktoba.

Kazi ipo, zao lipo, na bei ya msimu uliopita haikuwa mbaya. Sasa umaskini huu unaingilia mlango gani? Naomba wenye uzoefu waseme.

#2 Kaka_wa_Masasi

Mlango ni mmoja tu: hela inaingia mara moja kwa mwaka na matumizi yanatoka kila siku. Novemba mtu ana milioni, Februari hana ya chumvi. Tufundishwe kuweka akiba, basi.

#3 Mama_Wawili

Kaka wa #2, akiba ya nini? Wewe umeona hizo milioni kwa nani? Kaya nyingi huku hazifikishi hata tani moja. Msiongee kama kila mkulima ni yule anayenunua pikipiki mpya.

#4 Takwimu_Tupu

Niweke namba kidogo, maana tukienda hivi hivi tutagombana bure.

Kwanza hilo la "kila mtu ana kazi". Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja tu ndani ya wiki inayoulizwa anahesabiwa kuwa na ajira. Kwa hiyo mama wa mihogo na mwalimu wa sekondari wanakaa safu moja kwenye jedwali. Ndiyo maana vijijini ukosefu wa ajira huonekana mdogo. Si kwamba watu wanapata. Ni kwamba hakuna anayeweza kumudu kukaa bila kushika chochote.

Pili, mstari wa umaskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Chukua kaya ambayo, ukishapunguza watoto kwa kipimo chao, ni sawa na watu wazima watano. Hiyo ni 246,600 kwa mwezi, au 2,959,200 kwa mwaka. Gawanya kwa shilingi 3,000 ya kilo ya korosho. Unahitaji karibu kilo 1,000, safi, bila makato, ili usimame juu ya mstari tu. Na hizo ni bei za 2017/18. Leo unga na sabuni vimepanda.

Mkazi_wa_Kilimani, hizo kaya 11 zina mikorosho mingapi kila moja?

#5 Mkazi_wa_Kilimani

#4 asante sana. Niliuliza baadhi tu. Moja ina 200 na zaidi. Nyingi ziko kati ya 40 na 80. Mbili zina chini ya 20, ni urithi uliogawanywa.

#6 Takwimu_Tupu

Basi umejijibu nusu. Mkorosho mzee usiopuliziwa vizuri ukikupa kilo 5 au 6 shukuru. Miti 60 ni kilo 300 na kitu.

#7 Mpuliziaji_Salfa

Hapo #6 ndipo penyewe. Mimi kazi yangu ni kupulizia, mashine ni yangu, nimezunguka mashamba ya Newala na Tandahimba miaka tisa. Kuanzia Juni maua na majani machanga yanatoka, ugonjwa wa ubwiriunga nao unaingia, unaona kitu cheupe kama vumbi la unga kwenye ua, halafu ua linakuwa jeusi na kudondoka. Ukichelewa mzunguko mmoja umepoteza.

Miaka ya karibuni serikali imetoa salfa ya ruzuku, ile dawa ya kuzuia huo ugonjwa, na wengi wameipata. Lakini salfa haijipulizii yenyewe. Petroli ya mashine, mpuliziaji, maji ya kuchanganyia zile dawa za maji, kupalilia chini ya miti. Mwenye miti 60 ananiita mzunguko wa kwanza, wa pili ananiambia "nisubiri kidogo", wa tatu hapokei simu. Simlaumu. Nakuta mifuko ya salfa imeegemezwa ukutani chumbani, haijafunguliwa, na yeye yuko shambani kwa mwenzake anapalilia kwa kibarua ili watoto wale. Shamba lake linaliwa na ugonjwa wakati anatengeneza la jirani.

#8 Binti_Mahuta

Mpuliziaji umenitoa machozi, hiyo ni nyumbani kwetu kabisa.

#9 Jirani_Nanyamba

Hakuna aliyetaja kangomba mpaka sasa? Au wanunuzi wenyewe wamo humu?

Machi hiyo hiyo ya mleta mada, mtu anakuja na hela mkononi. Anakupa 60,000, Oktoba umpe kilo 60. Yaani kila kilo imekwenda kwa elfu moja. Mnada ukifika 3,000, wewe umeshauza kwa theluthi. Na usipovuna vizuri, deni linahamia msimu unaofuata pamoja na nyongeza. Nawajua watu ambao korosho zao za misimu miwili mbele si zao.

#10 Mzee_wa_Mapoto

Vijana, shikamooni hamniamkii lakini nawasoma.

Jirani wa #9, kangomba kwa asili yake ilikuwa bakuli, kipimo. Mchuuzi anakupimia kwa bakuli lake akilijaza kwa kilima, wewe unadhani umetoa kilo kumbe ni zaidi. Hilo la kukopesha kabla ya mavuno limekuja kuvishwa jina hilo baadaye.

#11 Jirani_Nanyamba

Shikamoo mzee. Kwetu tunaita kangomba ununuzi wowote nje ya chama cha msingi cha ushirika, bakuli liwepo lisiwepo.

#12 Mzee_wa_Mapoto

Marahaba. Kila kijiji na ulimi wake.

#13 Kaka_wa_Masasi

Kangomba ni kosa, na 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 na kuwaleta wanajeshi kusomba, walihakiki wote waliokuwa na zaidi ya kilo 1,500. Dawa ni hiyo, wabanwe.

#14 Mama_Wawili

Kaka wa Masasi, tulihakikiwa hata sisi wenye mashamba yetu halali. Marehemu baba alikuwa na kilo 1,900, akapelekwa shambani kuonyesha mti mmoja mmoja na miguu imevimba. Hela ikaingia mwaka uliofuata, ada ya mdogo wangu ilishapita na shule alishaacha. Bei ya 3,300 ilikuwa nzuri kuliko ile tuliyoikataa mnadani Oktoba, hilo nakubali kabisa. Lakini kaya haili bei. Inakula hela iliyofika.

Na huyo wa kangomba, mkimbana, nani atatupa 60,000 ya Machi mtoto akiwa na malaria? Benki? Kikoba chetu chenyewe kinavunjwa Desemba, Machi sanduku liko tupu.

#15 Jirani_Nanyamba

Dada, sitetei mwenye kangomba hata kidogo, ila swali lako ni zito na sina jibu lake.

#16 Fundi_Mitambo_Mstaafu

Naona wote mnazunguka shamba. Tatizo liko kiwandani. Tunauza korosho ghafi kwa magunia, inapanda meli kwenda India na Vietnam, inabanguliwa kule, ajira zinabaki kule. Miaka ya 70 tulijengewa viwanda vya kubangua kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Lindi, Mtwara, Masasi, Newala. Miaka ya 80 vikafungwa, baadaye vikauzwa, vingine vimekuwa maghala ya kuhifadhia hiyo hiyo korosho ghafi. Ninapita pale nilipofanyia kazi ujana wangu, mlango ule ule, ndani magunia. Ndiyo maana zao lilianguka.

#17 Mzee_wa_Mapoto

Mwenzangu hapo nakusahihisha. Zao lilianguka kabla viwanda havijafungwa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, tukahamishwa kwenye mashamba kwenda kukaa pamoja barabarani. Mikorosho ikabaki porini, kilomita sita, saba, hakuna wa kupalilia, moto ukapita. Ubwiriunga nao ukatumaliza. Kufika katikati ya miaka ya 80 zimebaki kama tani 17,000 nchi nzima. Viwanda vilifungwa kwa sababu havikuwa na cha kubangua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilibeba kuku wawili na mlango. Baba alibeba mlango mwingine.

#18 Fundi_Mitambo_Mstaafu

Hilo la 1974 sikatai, mzee. Lakini sasa korosho zimerudi, na tumeshavuka ule uvunaji wa zamani kwa mbali. Mbona viwanda havijarudi kwa kasi hiyo? Nabaki pale pale, gunia linaloondoka na ganda lake linaondoka na mshahara wa mtu.

#19 Binti_Mahuta

Nizungumzie huo mshahara wa kubangua kwa sababu mama yangu aliufanya. Alikuwa anabangulia nyumbani. Korosho unazichoma kwanza kwenye bati lililotobolewa, moshi wake unakata kifua, halafu unagonga moja moja kwa jiwe. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi. Mama alipaka majivu kwenye vidole kabla ya kuanza, lakini bado ngozi ilikuwa inatoka kama ganda la kitunguu. Ilipokuja kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mashine ilikataa kumsoma. Kidole baada ya kidole, mikono yote miwili. Yule kijana wa usajili akamwambia akapumzishe vidole arudi. Atapumzishaje wakati ndiyo kazi?

Alikuwa analipwa kwa kilo ya korosho nyeupe nzima. Iliyovunjika malipo yake ni madogo, na iliyoungua haina malipo. Kwa hiyo #16 nakuunga mkono viwanda vije, ila muulize mama kwanza kama hiyo ilikuwa njia ya kutoka kwenye umaskini. Alikuwa na kazi. Kila siku alikuwa na kazi.

#20 Mkazi_wa_Kilimani

Binti Mahuta, pole na mpe mama pole. Swali langu la #1 umelisema kuliko nilivyolisema mimi.

#21 Dereva_Boda_Tandahimba

Mnasahau makato! Kilo ikiuzwa 3,000 haikufikii 3,000. Kuna chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri, halmashauri inachukua asilimia 5. Sisi wenye miti michache ndiyo tunaumia.

#22 Takwimu_Tupu

Sahihisho dogo. Ushuru wa mazao wa halmashauri ulishushwa mwaka 2017: asilimia 3 kwa mazao ya biashara, 2 kwa chakula. Na kisheria anayetozwa ni mnunuzi.

#23 Dereva_Boda_Tandahimba

Sawa, 3. Lakini mnunuzi akijua anatozwa, si anaipunguza kwenye bei anayoandika mnadani? Mimi msimu ule makato yote pamoja yalinitoka shilingi 200 na kitu kwa kila kilo. Nilikuwa na kilo 280. Piga mwenyewe.

#24 Mama_Wawili

Bora wewe uliyelipwa. Chama chetu kuna mwaka malipo ya mnada wa tatu yalipotea njiani, kila mtu akimsukumia mwenzake. Tulikwenda ofisini kwao mara tano. Mpaka leo wako wanaodai.

#25 Mwalimu_Mstaarabu

Naomba nisikike vibaya kama lazima. Sababu nyingine ni sherehe. Korosho zikilipwa tu, ngoma kila kijiji, unyago, jando, sare, mziki, ng'ombe. Ninafundisha hapa, wanafunzi Desemba wanavaa vipya, Januari hawana madaftari.

#26 Binti_Mahuta

Mwalimu, mimi nimechezwa unyago na sijaona ng'ombe. Walipikwa kuku watatu na wali. Waliotoa ni shangazi, mama mkubwa na majirani, na mama akawarudishia zamu zao zilipofika. Huo ni mchango unaozunguka. Mama alipolazwa Ndanda, walioleta hela ni wale wale waliokuja kwenye ngoma yangu.

#27 Mwalimu_Mstaarabu

Nakuelewa mwanangu. Lakini nina watoto saba darasani waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya sare. Hao nao nawaona kila asubuhi, siwezi kusema siwaoni.

#28 Kaka_wa_Masasi

Mwalimu umeongea ukweli mchungu. Ila watani zangu wa Newala hamtakubali, mtasema hata ming'oko, ile mizizi ya porini mnayokula, ni kwa sababu ya makato.

#29 Dereva_Boda_Tandahimba

Wee Masasi usiguse ming'oko! Ming'oko si dalili ya njaa. Nenda stendi Mtwara mjini uone watu wa ofisini wanavyonunua ya kuchemsha, na pilipili na chumvi juu.

#30 Mzee_wa_Mapoto

Ya kwenye mchanga ndiyo mitamu. Ya udongo mwekundu ina nyuzi.

#31 Mpuliziaji_Salfa

Mzee hapo sikubali, ya Nanyamba...

#32 Mkazi_wa_Kilimani

Wakuu, nawaomba turudi. Ming'oko tutaifungulia uzi wake.

#33 Kijana_Kariakoo

Nimesoma wote. Mimi ni wale waliotoka. Nimeondoka Tandahimba 2016, nauza mikanda na pochi Kariakoo. Nilikuwa na mbaazi ekari mbili, nikamwachia kaka, nikategemea atauza tufungue kibanda. Mwaka 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje, bei ikaporomoka mpaka watu wakaziacha shambani. Kaka alinipigia akasema kuzivuna ni ghali kuliko hela ya kuziuza.

Kwa hiyo anayesema limeni mazao mengine ili hela isije mara moja, tulijaribu. Ufuta Juni, mbaazi Agosti, korosho Oktoba. Kwenye karatasi inapendeza. Nilichojifunza ni kwamba bei zote tatu zinaamuliwa na mtu nisiyemjua, na zikianguka pamoja huna pa kushika. Kila mwezi natuma nyumbani 40,000, wakati mwingine 20,000. Hiyo kwenye daftari la mwenye duka itakuwa imeandikwa "Dar" badala ya "korosho".

#34 Mkazi_wa_Kilimani

Kijana, umejuaje? Wako watatu walioandikwa "Dar".

#35 Mama_Wawili

Na zile kaya tatu zisizo na mkorosho kabisa? Tumejadili wenye miti kurasa zote hizi.

#36 Mkazi_wa_Kilimani

Ni wanawake wote watatu. Mmoja mjane, shemeji zake walichukua shamba. Wawili waliachika, na mikorosho ilikuwa ya ukoo wa mume. Mjane yuko TASAF, mpango wa kunusuru kaya maskini. Wale wawili hawamo, wanasema siku ya kuorodhesha walikuwa vibarua mashambani.

Wanaokota korosho za watu. Malipo kwa kilo au kwa ndoo, kutegemea mwenye shamba. Oktoba na Novemba wanakula vizuri kuliko hata baadhi ya wenye miti, kwa sababu wao wanalipwa siku hiyo hiyo.

#37 Takwimu_Tupu

Hilo la mwisho sikulitegemea. Kwa maana hiyo tofauti si nani ana mali na nani hana. Ni nani analipwa lini.

#38 Kaka_wa_Masasi

Si ndicho nilichosema #2?

#39 Mama_Wawili

Hapana kaka, wewe #2 ulisema tufundishwe akiba. Anayelipwa ndoo moja moja ataweka akiba ya ndoo?

#40 Kaka_wa_Masasi

Haya dada, hilo nimelipokea. Lakini hata mnada ukilipa kidogo kidogo, Aprili tungekuwa na kitu. Chama kingekata sehemu kikaiweka mpaka Machi.

#41 Dereva_Boda_Tandahimba

Chama kikae na hela yangu mpaka Machi? Chama kipi hicho? Umesoma #24?

#42 Fundi_Mitambo_Mstaafu

Kiwanda kingelipa kila mwisho wa mwezi.

#43 Binti_Mahuta

Kwa kilo nyeupe nzima?

#44 Maji_Ndoo_Mia

Jamani mimi ni yule wa kuchota maji kwa baiskeli, si yule wa mleta mada ila kazi moja. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde hakuna mto, nyumba yenye bati na tangi la kuvuna maji ya mvua ndiyo inapumzika. Wasio na tangi wananunua kwangu kuanzia Agosti. Naona kaya zinazopima: leo ndoo mbili za kunywa na kupika, kufua kesho. Zikifika Oktoba kabla mnada haujalipa, wananiambia niandike. Na mimi nina daftari. Katika hesabu zenu za 49,320 maji ya kununua yamo?

#45 Takwimu_Tupu

Mkuu, ule mstari hujengwa kwa chakula kwanza, halafu unaongezewa matumizi mengine kwa uwiano wa nchi nzima. Haujui kwamba kwako ndoo inanunuliwa na kwa mwenzako kuna mto.

#46 Maji_Ndoo_Mia

Basi mstari wa huku uko juu zaidi ya huo.

#47 Mkazi_wa_Kilimani

Asanteni wote. Nimenakili mengi. Nitarudi kwa zile kaya 14, safari hii nikiuliza vitu vinne: miti mingapi, kilo ngapi, deni la nani, na hela ilifika tarehe ngapi. Mwenye duka amekubali niangalie daftari la mwaka juzi pia, bado analo.

#48 Mpuliziaji_Salfa

Ongeza na la tano. Uliza walipulizia mizunguko mingapi, na mifuko ya salfa iliyobaki iko wapi.

#49 Kijana_Kariakoo

Na ukifika nyumba ya pili kutoka kwenye mwembe, kama ni mstari ninaoufikiria, yule mama aliyeandikwa "Dar" mwambie ya mwezi huu naituma Ijumaa.